Usiongeze, Usipunguze

Kwanza nguo yenyewe ilikuwa inanuka.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa mlangoni kwa mkuu wa idara, nimekabidhiwa vazi la Kikorea ndani ya mfuko wa plastiki, na najua wapo mliodhani nimepewa zawadi. Zawadi gani! Vazi lile ni mali ya idara. Ni moja tu, la hariri ya uongo, waridi juu na kijani chini, na kila wageni wakija anavalishwa msichana mmoja. Halijawahi kufuliwa tangu linunuliwe. Mkuu wa idara amekataza, eti rangi itachuja. Nilipoligeuza ndani nje, kwapani kulikuwa na jasho la wasichana wote walionitangulia, limekauka na kuwa gumu, linasubiri la kwangu.

Nililivaa chooni, nimebana pumzi.

Kwa wewe uliyechelewa kunifuata: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika Idara ya Lugha na Tamaduni za Asia Mashariki. Nasoma Kikorea. Wenzangu wananiita Kamusi. Muhula huu mchumba wangu ameniacha kwa ujumbe wa simu, tena ujumbe wenyewe aliutuma kwanza kwa mtu mwingine. Kisha Kipusa, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja hosteli, akaacha jiko la umeme linawaka, godoro likaungua, na aliyefukuzwa hosteli nikawa mimi. Kipusa hafukuzwi. Kipusa ni mpwa wa mkuu wa idara.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanishikilia pale chuoni: ile nafasi. Kila mwaka chuo kimoja cha Korea kinachukua mwanafunzi wetu mmoja, mmoja tu, akasome kule mwaka mzima, kula na kulala juu yao. Mwaka jana niliomba, nikahojiwa kwa video, na mkuu wa idara akaniita ofisini akaniambia sikufaulu. Mwaka huu ndio wa mwisho kwangu. Nikishamaliza chuo siwezi kuomba tena.

"Wewe tafsiri vizuri siku ya wageni," aliniambia wiki iliyopita huku akinipa ule mfuko. "Mengine niachie mimi."

Nikamwachia. Ndiyo ujue nilivyo.

Mkuu wa idara tunamwita Mikono Miwili, lakini si mbele yake. Wakorea wakimpa mkubwa kitu hutumia mikono miwili. Ni adabu nzuri kabisa na mimi naipenda. Yeye ameigeuza adhabu. Ukimrudishia kalamu, mikono miwili. Ukikusanya mtihani, mikono miwili na kichwa chini. Siku moja alinipa kijiti cha meno alichokwisha kutumia nikamtupie, akakishikilia hewani mpaka nilipoinua na mkono wa pili kukipokea. Nilikipokea. Mpaka leo nausikia ule unyevu kwenye vidole.

Nikiwa bado chooni, simu ikaita. Mama.

Mama yangu anapiga pasi katika nyumba ya wageni: mashuka, foronya, vitambaa vya meza. Akiongea na simu huibana begani, na nyuma yake unaisikia pasi ya mvuke inapumua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshavaa?"

"Nimevaa. Inanuka."

"Ungeniletea niifue."

"Hairuhusiwi kufuliwa."

"Nguo gani hiyo isiyojua maji? Makubwa." Pasi ikapumua. "Na hao wageni, wanatoka huko huko Korea?"

"Huko huko."

"Na mwalimu wako atakuwepo?"

"Mama, si ndiye mwenyeji?"

"Haya. Nauliza tu. Ile nafasi mwaka huu wanampa nani?"

"Niombee iwe mimi."

Pasi ikapumua tena, mara hii kwa muda mrefu. "Mungu akutangulie," akasema. "Viatu vya dada yako visikubane."

Viatu vilikuwa vya dada yangu mkubwa, yule aliyeenda kufanya kazi ng'ambo akaahidi kurudi, na siku hizi hata simu zetu hapokei. Vilinibana.

Shughuli ilikuwa mchana, katika chumba cha semina. Walikuwa wameunganisha meza, wakazifunika kitambaa cheupe kuficha majina ya wanafunzi yaliyochongwa kwenye mbao. Feni ya dari ilikuwa inazunguka kivivu na kunirudishia harufu yangu mwenyewe puani.

Wageni walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa profesa, mama mfupi mwenye mvi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Nitamwita Profesa Mgeni. Wale wasaidizi wake wawili walikuwa wanatafuna na kutabasamu tu.

Kulia kwa Mikono Miwili alikaa Kipusa, ndani ya koti jipya la kiofisi. Yeye lile vazi hakuvalishwa. Ana mzio, eti.

Kabla hatujaanza Mikono Miwili alinivuta pembeni, karibu na ubao. Pumzi yake ilikuwa inanuka kitunguu.

"Nilichowafundisha kuhusu ukalimani unakikumbuka?"

"Nakikumbuka, mwalimu."

"Kiseme."

"Mkalimani hana mimi yake. Anayeongea akisema mimi, na mkalimani anasema mimi. Kila neno linalotamkwa mezani linapita kwake. Haongezi, hapunguzi."

"Safi. Wewe leo ni bomba tu la maji." Akanipigapiga begani, na mkono ukabaki pale kwa muda ambao bomba halihitaji.

Msishangae kwa nini alihitaji mkalimani. Kikorea anacho, cha zamani, cha salamu na hali ya hewa. Kikizidi hapo anaanza kukohoa. Kwa hiyo ametunga kanuni yake kwamba mkuu wa idara haongei, anaongelewa.

Mvinyo ukaja.

Hapa ndipo alipokuwa anapasubiri kwa hamu. Kule kwao Wakorea mtu hajimiminii kinywaji mwenyewe. Unamwangalia jirani yako glasi yake ikiisha, unammiminia, na yeye anakuangalia wewe. Na mdogo ndiye anayeanza kummiminia mkubwa. Ni desturi ya watu kujaliana mezani. Mikono Miwili amechukua ile nusu inayomfaa, nyingine akaitupa. Alisukuma glasi yake tupu mpaka ukingoni mwa meza, akakohoa, akanitazama.

"Utamaduni!" akawatangazia wageni. "Wasichana wetu tumewafundisha. Haya, zunguka."

Nikazunguka. Nikammiminia, mikono miwili. Akainywa yote kwa mkupuo, akafuta midomo kwa kitambaa cha meza, akasukuma glasi tena.

"Inama kidogo. Zaidi. Wageni waone."

Nikainama. Shanga moja ya jasho ilitoka kwapani ikateremka ubavuni, na sikujua kama ni jasho langu au la yule msichana wa mwaka juzi. Nilitamani kujivua ngozi.

Profesa Mgeni akaacha kula. Akaniuliza kwa Kikorea, "Kwa nini mkalimani hana kiti? Na kwa nini hana glasi?"

Nikalipeleka swali kwa Kiswahili.

Mikono Miwili akacheka. "Mwambie ndio utamaduni wao wenyewe. Msichana anahudumia, wakubwa wanakunywa. Tumeusoma vizuri."

Nikalirudisha jibu kwa Kikorea, neno kwa neno.

Profesa Mgeni akavaa miwani. "Utamaduni wa nani?" akauliza.

Hakungoja tafsiri. Alisimama, akavuta kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka kando yake. Akachukua glasi safi, akachukua jagi la maji, na kwa mikono yake miwili, mama mwenye mvi kama zile, akanimiminia mimi.

"Kaa unywe," akasema. "Koo lako ndilo linalofanya kazi hapa."

Sijawahi kunywa maji matamu kama yale. Mikono Miwili alicheka peke yake, kisha akaacha.

Ili kuokoa shughuli akasimama kutoa hotuba. Nikasimama naye. Alisifu urafiki wa vyuo viwili, akasifu idara yake, akajisifu mwenyewe. Yote nikayapitisha. Kisha akaweka mkono kwenye bega la Kipusa.

"Mwaka huu," akasema, "mimi, baada ya kuwapima wanafunzi wote kwa haki, nimemchagua binti huyu aliye kulia kwangu. Ndiye bora kuliko wote."

Akanigeukia. "Tafsiri."

Jamani. Kipusa, ambaye tangu mwaka wa kwanza herufi za Kikorea anaziita viberiti na vifungo. Kipusa, ambaye kazi zake za nyumbani nilikuwa nazisikia asubuhi zikisomwa na mwalimu, na kila mstari naufahamu kwa sababu umetoka kwenye daftari langu.

Mkalimani hana mimi yake. Nikasimama pale ndani ya jasho la watu, na kwa Kikorea changu, nilichokisomea mpaka macho yakawa mekundu, nikasema: mimi, baada ya kuwapima wote kwa haki, nimemchagua yeye. Ndiye bora kuliko wote.

Nikainamisha kichwa kidogo, kama inavyotakiwa.

Profesa Mgeni akapiga makofi kidogo, ya adabu. "Hongera," akasema. "Sisi huwa tunamsikia mwanafunzi mwenyewe kabla ya kumpokea. Mwaka jana tulitumia video. Leo tuko pamoja, ni rahisi zaidi." Akamgeukia Kipusa, akamuuliza polepole kwa Kikorea, kama unavyomuuliza mtoto, "Kwa nini unataka kuja kwetu?"

Swali la muhula wa kwanza. Wiki ya tatu, tena.

Kipusa akamtazama mjomba wake. "Mjomba, anasemaje?"

Mikono Miwili akawatabasamia wageni, akaongea bila kusogeza midomo. "Jibu chochote kwa Kiswahili. Kamusi atalipamba."

Kipusa akaniinamia. "Mwambie kitu kizuri, shoga. Si unayajua mambo yao?"

Wote wakanitazama mimi.

Hasira ninaijua, huwa inanipanda kichwani na kunifanya nilie. Hii haikuwa hasira. Hiki kilikuwa kinyaa, na kinyaa kilinituliza. Nikakumbuka kanuni ya mwalimu wangu. Kila neno linalotamkwa mezani.

Nikamgeukia Profesa Mgeni, nikaweka mikono pamoja kama tunavyofundishwa, na kwa sauti ya kikazi nikasema kwa Kikorea: "Mjomba, anasemaje? Jibu chochote kwa Kiswahili, Kamusi atalipamba. Mwambie kitu kizuri, shoga, si unayajua mambo yao?"

Msaidizi mmoja akaacha kutafuna.

Kikorea cha Mikono Miwili kilitosha kumjulisha kwamba kuna kitu kimeharibika. "Umesema nini wewe?"

"Umesema nini wewe?" nikatafsiri.

"Nyamaza!"

"Nyamaza," nikamwambia Profesa Mgeni kwa upole.

"Mwambie... mwambie binti ana homa. Sauti imekauka."

"Mwambie binti ana homa. Sauti imekauka."

"Nitakufukuza chuo, mbwa wewe!"

"Nitakufukuza chuo, mbwa wewe," nikasema, na nikainamisha kichwa kidogo, kwa sababu nilikuwa naongea na mkubwa.

"Mjomba, mbona wananitazama hivyo?" Kipusa alikuwa ameanza kulia, wanja unamshuka. "Mimi mwenyewe sikutaka. Mama ndiye aliyeng'ang'ania. Nitaenda kufanya nini kule, hata kusoma siwezi!"

Hilo nalo nikalipitisha, lote. Nilimhurumia kidogo. Kisha nikakumbuka godoro.

Mikono Miwili akakaa. Hakukaa kama mtu anayetaka kukaa. Akatoa kijiti cha meno kwenye mfuko wa shati, akakitia mdomoni, akakizungusha, na ile sauti ndogo ya kunyonya meno ikawa ndiyo sauti pekee mle ndani.

Mimi nikangoja kufukuzwa. Niliwaza nitamwambia nini mama.

Profesa Mgeni hakumtazama Kipusa wala mjomba wake. Alikuwa ananitazama mimi, kichwa kimeinama upande, anasikiliza kitu ambacho nilikuwa nimeshamaliza kukisema.

"Sauti hii naijua," akasema. "Wewe ni yule binti wa pasi."

Mwaka jana, kwenye video, waliniambia nieleze kazi ya mtu ninayempenda. Nikawaeleza mama anavyoikunja shuka pembe kwa pembe, anavyojua joto la pasi kwa kulisikiliza tu, na jinsi alivyonifundisha kusoma kwa vile vibandiko vinavyoshonwa ndani ya nguo. Hata sasa akikuta kibandiko chenye herufi za Kikorea hunipigia nimsomee.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

"Lile vazi limenichanganya. Ulipita, binti. Ulikuwa wa kwanza. Kwa nini ulikataa kuja?"

Hapo bomba likaziba.

"Sikukataa," nikasema mwishowe. "Niliambiwa sikufaulu."

"Sisi tuliambiwa mzazi wako amekataa. Sikuridhika. Nikaomba nimsikie mwenyewe. Mkuu wako akatuunganisha kwa simu, mama yako upande wa huku, mimi upande wa kule, na yeye katikati akatafsiri. Tafsiri ya jibu la mama yako ilikuwa: simruhusu mwanangu."

Nikamgeukia Mikono Miwili. Sikuita mwalimu.

"Uliniambia sikufaulu."

"Nilikuambia kinachokufaa," akasema, na kijiti kikahamia upande wa pili wa mdomo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Au nilidhani nimeelewa. Alimweka mama yangu kwenye simu, akamuuliza habari za afya na mvua, kisha akamtafsiria profesa hapana. Alimtia mama yangu maneno mdomoni! Mama anayenisifu mpaka kwa wageni wanaoacha mashuka machafu! Mle kinywani mwa kitunguu na vijiti vya meno ndimo lilimopikwa neno la mama yangu. Nilitaka kutapika juu ya kile kitambaa cheupe, na ningetapika, kama Profesa Mgeni asingeniwekea mkono juu ya mkono.

"Mama yupo?"

"Yupo. Yuko kazini."

"Mpigie. Weka simu hapa mezani wote tusikie. Sisi hatumchukui mtoto wa mtu bila mzazi kusema ndiyo, hiyo ni kanuni na siwezi kuivunja hata kwa ajili yako. Akisema ndiyo kwa kinywa chake, nafasi ni yako. Nitaisaini kabla sijanyanyuka kwenye kiti hiki. Akisema hapana, basi nitakuwa nimemsikia vizuri."

"Nani atatafsiri?" nikauliza.

"Wewe. Nimekuona leo. Sijawahi kukutana na mkalimani mwaminifu kama wewe."

Nilikuwa nacheka na kulia wakati nabonyeza jina la mama. Ndiyo moja tu, na mama yangu! Mwanamke ambaye tangu nipo darasa la kwanza neno lake ni soma, soma, soma mwanangu. Niliiweka simu katikati ya meza, kati ya glasi chafu na sahani zenye mifupa.

Ikaita. Ikapokelewa. Pasi ikapumua.

"Mama, nimekuweka mezani, wote wanasikia. Niko na wageni. Usiogope, kuna swali moja tu. Mwaka jana mwalimu wangu alikupigia kuhusu ile nafasi?"

Pasi ikanyamaza. Nilisikia swichi inazimwa ukutani.

"Amekwambia?"

"Mama, nijibu tu. Alikupigia?"

"Alinipigia."

"Alinipigia," nikamwambia Profesa Mgeni kwa Kikorea, na nikatabasamu.

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kama nakuruhusu."

Nikatafsiri na hilo. Mikono Miwili alikuwa ameegemea kiti, anaitazama simu. Hakuwa na wasiwasi wowote. Ningemtazama vizuri wakati ule, ningesita. Lakini nilikuwa nimeshaonja ushindi, na nikauliza haraka haraka.

"Na wewe ukasema ndiyo, sivyo mama? Yeye ndiye aliyegeuza?"

Nilisikia kiti kinavutwa, mama akakaa.

"Hakugeuza," mama akasema.

Kipusa aliacha kulia.

"Mwanangu, usimlaumu bure huyo mzee. Mimi ndiye niliyesema usiende. Na mimi ndiye niliyemwomba akwambie umefeli. Nilimwomba nikilia. Nilijua ukifeli utalia, halafu utapona, halafu utakuja nyumbani Jumapili kama kawaida. Ukienda ndiyo basi."

"Mama..."

"Ngoja niseme. Dada yako nilimpigia pasi nguo zake zote. Nikazikunja. Sanduku nikalifunga kwa mikono yangu hii, nikamsindikiza nikicheka. Yuko wapi? Niambie, yuko wapi? Nampigia mpaka kidole kinauma. Sasa na wewe nikukunjie nguo? Nikupigie pasi uondoke umenyooka, mimi nibaki na mashuka ya watu?"

Alikuwa analia sasa. Mama yangu halii. Hata alipoungua mkono hakulia.

"Muulize huyo mama mgeni kama ana watoto. Mwambie nimesema vile vile. Hata mwaka huu. Simruhusu mwanangu."

Simruhusu mwanangu. Yale yale, neno kwa neno. Mwaka jana, kwenye ile simu, Mikono Miwili alikuwa ametafsiri kwa haki. Mara moja katika maisha yake machafu hakuongeza wala hakupunguza, na mara hiyo ilikuwa juu yangu.

Nilitafuta wa kumchukia. Nilimtazama yule bwana na kijiti chake, nikaitazama simu, na kile kinyaa changu chote, nilichokuwa nimekipanga vizuri toka asubuhi, hakikujua kiende wapi. Kikanirudia mwenyewe. Kumbe hata ule mwaka mzima nilioamini kwamba mimi ni mjinga, mama alikuwa ananipakulia chakula kila Jumapili na kuniambia nisikate tamaa.

"Anasema nini mama?" Profesa Mgeni akauliza.

Alikuwa ameshatoa kalamu. Ilikuwa mkononi, kifuniko kimeshafunguliwa.

Alikuwa amemsikia mama akilia. Lakini watu hulia kwa furaha pia, tena wazazi zaidi. Hajui Kiswahili hata neno. Wasaidizi wake nao hawajui. Tunaojua mle ndani tulikuwa watatu: Kipusa, ambaye alikuwa amefunika uso kwa viganja, mimi, na yule aliyenifundisha.

"Mwanangu?" mama akaita kwenye simu. "Upo? Umemwambia?"

Mikono Miwili akakitoa kijiti mdomoni, kimelowa, akakilaza taratibu juu ya kitambaa cheupe mbele yangu. Akavuta kiti karibu. Akatega sikio lake la Kikorea cha salamu na hali ya hewa, ambacho kwa ndiyo na hapana kinatosha kabisa.

"Tafsiri, Kamusi," akasema kwa sauti ya darasani. "Usiongeze, usipunguze."

Nikamgeukia Profesa Mgeni. Nikaweka mikono pamoja. Nikafungua mdomo, nikaanza na neno la kwanza, lile tulilofundishwa kuanza nalo yeyote anapoongea.

"Mimi," nikasema.